Jinsi Tanzania Ilivyoingia Katika Deni, na Jinsi Ilivyotoka

Mwezi Februari 1967, chama tawala cha TANU kilitangaza, katika Azimio la Arusha, kwamba Tanzania itajenga uchumi wake kwa kujitegemea. Azimio lile liliwaonya wananchi waziwazi kwamba nchi inayotegemea misaada na mikopo ya nje huhatarisha uhuru wake. Haikupita miaka 20. Septemba 1986, wajumbe wa serikali ileile walikuwa Paris mbele ya mataifa yanayoidai Tanzania, wakiomba madeni yao yapangiwe tarehe mpya kwa sababu hazina haikuwa na uwezo wa kuyalipa. Wengi wakiulizwa sababu hutaja vita vya Kagera, au bei ya mafuta, au siasa ya ujamaa. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini tukifuata matukio kwa mpangilio wa miaka tutaona kwamba mzigo huo ulikuwa umekwisha kubebwa kabla ya vita kuanza, na sehemu yake kubwa ilibebwa katika miaka ambayo mambo yalionekana kuwa mazuri.

Kwanza tutenganishe aina mbili za upungufu, maana zikichanganywa historia hii haieleweki. Serikali inapotumia shilingi nyingi kuliko inazokusanya kwa kodi, huwa na nakisi ya bajeti. Nchi inaponunua nje vitu vya thamani kubwa kuliko inavyouza, huwa na upungufu wa fedha za kigeni. Nakisi ya kwanza inaweza kuzibwa kwa muda na Benki Kuu, kwa kuwa shilingi huchapishwa kwa amri ya nchi yenyewe. Ya pili haina njia hiyo. Dola hupatikana kwa kuuza pamba, kahawa, mkonge au madini, na zisipopatikana huko hukopwa au huombwa. Deni la nje hulipwa kwa dola, kwa hiyo swali la msingi si kiasi gani kimekopwa, bali kama kilichojengwa kwa mkopo kitaleta dola, na zitafika lini.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, madeni ya Tanganyika, na baadaye ya Tanzania, yalikuwa madogo. Kilichowasumbua viongozi kilikuwa masharti ya kisiasa kuliko ukubwa wa deni. Mwanzoni mwa 1965, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na uwakilishi nchini, na Rais, Mwalimu Julius Nyerere, akaitaka iondoe na misaada mingine ya kiserikali. Desemba mwaka huohuo, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Onyo la Arusha kuhusu mikopo lilitokana na mambo hayo yaliyokuwa yametokea karibuni, na waliolisikia mwaka 1967 walijua linazungumzia nini.

Ajabu ni kwamba baada ya Azimio misaada na mikopo iliongezeka badala ya kupungua. Nchi za Skandinavia zilipendezwa na serikali iliyotaka kuwafikia watu wa vijijini kwa maji, shule na zahanati. Benki ya Dunia, iliyoongozwa na Robert McNamara tangu 1968, nayo ilikuwa ikitafuta nchi za kukopesha kwa ajili ya kupambana na umaskini. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba na wa kulipwa kwa miaka 30, ili Tanzania na Zambia zijenge reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Gharama za ndani za ujenzi huo zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani, na ndiyo maana mwananchi wa kawaida wa miaka ile aliweza kununua baiskeli au thermos ya Kichina bila kujua kwamba anashiriki kulipia reli. Mikopo mingi ya wakati huo ilikuwa ya masharti nafuu, na hilo liliwafanya wakopaji na wakopeshaji wote wasione sababu ya kuharakisha hesabu.

Pigo la kwanza lilikuja mwishoni mwa 1973. Nchi zinazouza mafuta zilipandisha bei, na katika miezi michache pipa lililokuwa likiuzwa dola 3 hivi lilifika karibu dola 12. Wakati huohuo mvua zilikuwa haba kwa misimu iliyofuatana, na serikali ilikuwa katikati ya kazi kubwa ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Wanahistoria bado hawakubaliani kama ukame ulichangia zaidi ya uhamishaji au kinyume chake, lakini matokeo yanajulikana: mwaka 1974 na 1975 nchi ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka.

Chini ya pigo hilo kulikuwa na tatizo la polepole ambalo halikuandikwa sana magazetini. Mazao yanayoleta dola yalikuwa yakipungua. Mkonge, uliozidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ulishuka mwaka hadi mwaka mpaka kufika tani 30,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa kamba za plastiki zilipunguza soko na mashamba mengi yaliyotaifishwa hayakutunzwa vizuri. Korosho zilifika kilele cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka. Mkulima wa kusini aliyehamishiwa kijijini alijikuta mbali na mikorosho yake, na hata alipoifikia, bei aliyolipwa haikumshawishi kufyeka magugu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, zenye watumishi wengi na gharama kubwa. Gharama hizo zilitoka katika bei ya mkulima.

Hali hiyo ilifichwa na neema ya ghafla. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa mingi nchini Brazil, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi kilichozoeleka. Kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba ikaleta dola ambazo nchi haikuwa imeziona kwa muda mrefu. Fedha zilipojaa, Benki ya Dunia na washauri wengine walihimiza vibali vya kuagiza bidhaa vilegezwe, na serikali ikavilegeza. Wakati uleule, mpango wa kujenga viwanda vya msingi ulikuwa umeanza, na wakopeshaji walikuwa tayari kuugharimia. Karibu kila wizara na kila shirika la umma lilikuwa na mradi wake.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ilitarajiwa kuuzwa Ulaya. Jengo lake liliezekwa na kuzungushiwa kuta za bati la alumini bila njia za kutosha za kupitisha hewa, katika mji wenye joto la Morogoro. Mitambo iliharibika, vipuri vilikosekana, na ngozi nzuri haikupatikana kwa kiasi kilichotakiwa. Kiwanda hakikuwahi kufikia asilimia 5 ya uwezo wake, na Ulaya haikupata viatu ilivyotarajiwa kununua. Hata hivyo, tarehe za kulipa deni zilibaki palepale. Kosa hapa lilikuwa la pande mbili: Tanzania iliomba, na benki yenye wataalamu waliobobea ikakagua michoro na kuidhinisha.

Upande wa bajeti nako matumizi yalikua haraka kuliko mapato. Novemba 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa, na karibu kila kijiji kikadai madarasa na walimu. Hakuna anayeweza kudharau matunda yake, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto wengi mno walikuwa shuleni na kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeipatia nchi sifa duniani. Tatizo lilikuwa katika mgawanyo wa gharama. Mhisani alijenga kisima au zahanati mara moja, kisha akaondoka; serikali ikabaki kulipa mishahara, dizeli ya pampu, dawa na matengenezo kila mwaka. Kila jengo jipya liliongeza matumizi ya kudumu, na mashirika ya umma, ambayo hatimaye yalizidi 400, badala ya kuchangia Hazina yaliiendea kuomba.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege, shirika la reli, huduma za simu na bandari, na vifaa vyake vingi viliagizwa kwa fedha za kigeni. Bei ya kahawa nayo ikaanza kushuka, huku bidhaa zilizoagizwa kwa vibali vilivyolegezwa zikiendelea kufika bandarini. Ndani ya mwaka 1978 akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekwisha. Hapo, na si kabla, ndipo majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Vita vilivyofuata, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500. Kabla nchi haijapumua, mapinduzi ya Iran yalipandisha tena bei ya mafuta, na kufikia 1980 pipa lilizidi dola 30.

Aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo ni Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye katibu mkuu wa Jumuiya iliyovunjika. Mtei aliona hakuna njia ila kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, ambalo lilitaka shilingi ishushwe thamani, ruzuku ipunguzwe na matumizi yabanwe. Mwalimu alikataa. Kwake yeye, kushusha shilingi kungepandisha bei ya kila kitu kwa maskini, na hakukuwa na hakika kwamba kungeongeza mauzo ya nje. Mtei alijiuzulu Desemba 1979, na katika salamu zake za mwaka mpya kwa mabalozi Mwalimu alihoji tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Makubaliano yaliyofikiwa baadaye mwaka 1980 yalivunjika baada ya miezi michache, kwani serikali ilishindwa kubaki ndani ya viwango vya matumizi vilivyowekwa.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo wazee wengi huikumbuka kwa foleni. Sabuni, sukari, kanga na betri vilipatikana kwa mgawo, unga wa njano wa msaada ukaliwa mijini, na magendo yakawa kazi ya kawaida mipakani. Mafuta peke yake yalimeza karibu nusu ya fedha zote zilizotokana na mauzo ya nje. Mfanyabiashara aliyetaka kuagiza vipuri alipata kibali, akalipa shilingi zake Benki ya Taifa ya Biashara, kisha akasubiri Benki ipate dola za kumlipa muuzaji wa nje. Dola hazikuja. Shilingi zilikuwa zimekwisha kupokelewa, bidhaa wakati mwingine zilikuwa zimekwisha kufika, na muuzaji wa Ulaya au Japani akabaki akidai. Malimbikizo ya aina hii yaliwekwa katika akaunti maalumu iliyohamishiwa Benki Kuu katikati ya miaka ya 1980, nayo tutakutana nayo tena.

Kwa upande wa shilingi, Hazina ilizidi kukopa Benki Kuu ili kuziba nakisi. Fedha mtaani ziliongezeka huku bidhaa zikipungua, na mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 30 kwa mwaka. Kiwango rasmi cha kubadilisha fedha kilimpa mkulima shilingi chache kwa zao lake, wakati kwa walanguzi dola moja ilinunuliwa kwa shilingi nyingi zaidi mara kadhaa. Mkulima alifanya lililo la busara kwake: aliuza kwa magendo, au alipanda chakula badala ya zao la biashara. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa na wananchi wengi walifurahi, lakini msako haungeweza kutengeneza bidhaa ambazo hazikuwapo.

Hapa ndipo inafaa kupima maelezo yanayoshindana. Serikali ilisema chanzo kikuu kiko nje: mafuta, ukame, vita na bei mbaya za mazao. Mwalimu alizoea kuonyesha jinsi trekta moja lilivyohitaji tani nyingi zaidi za mkonge kuliko zamani. Benki ya Dunia na IMF zilisema chanzo kiko ndani: bei za mkulima, mashirika ya umma na shilingi iliyoshikiliwa juu. Maelezo ya kwanza hayaelezi kwa nini korosho zilianguka kabla ya vita. Ya pili hayaelezi kwa nini Kodivaa, iliyofuata siasa ya soko, nayo ilisimamisha malipo ya madeni yake mwaka 1987. Kundi la tatu linawataja wakopeshaji wenyewe, waliosukuma miradi bila kuuliza itaendeshwa na nini. Mpangilio wa miaka unaonyesha kwamba sera za ndani zilidhoofisha uwezo wa kupata dola, mikopo ya miaka ya neema ikaficha udhaifu huo, na mapigo ya nje yakaufichua kwa mkupuo.

Mabadiliko yalianza taratibu kabla Mwalimu hajang'atuka. Katika bajeti ya 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alishusha thamani ya shilingi, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Maduka yakaanza kujaa tena, ingawa si kila mtu aliweza kununua. Mwaka huohuo nchi za Skandinavia, rafiki wa miaka mingi, ziliieleza serikali kwamba zingependa kuiona ikikubaliana na IMF. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais, na mwaka uliofuata makubaliano yalitiwa saini. Dola iliyokuwa shilingi 17 hivi mwaka 1985 ilifika shilingi 40 katikati ya 1986, na ikaendelea kupanda.

Mkutano wa Paris wa Septemba 1986 ulisogeza tarehe za kulipa, lakini haukufuta deni. Riba iliendelea kuhesabika, na riba isiyolipwa ikageuka kuwa deni jipya. Kwa hiyo nchi iliyokuwa ikifanya marekebisho na kukuza uchumi iliona deni lake likikua vilevile, ikarudi Paris zaidi ya mara moja. Ili kubana matumizi, uchangiaji wa gharama uliingizwa katika shule na hospitali, na asilimia ya watoto walioandikishwa shuleni ikapungua kulinganisha na mwanzo wa miaka ya 1980. Kufikia miaka ya 1990 malipo ya madeni yalikuwa yakichukua fedha nyingi kuliko huduma za afya.

Bajeti nayo haikuwa imepata nidhamu. Mwaka 1994 wahisani walisimamisha misaada baada ya kubainika kwamba misamaha ya kodi ilitolewa ovyo na kodi nyingi haikukusanywa. Serikali ya Benjamin Mkapa, iliyoingia Novemba 1995, ililichukulia jambo hilo kama msingi wa yote. Wizara zilianza kupewa tu kile kilichokusanywa, mwezi kwa mwezi, na Julai 1996 Mamlaka ya Mapato Tanzania ikaanza kazi. Nidhamu hiyo iliumiza, lakini ndiyo iliyoipa nchi hoja mezani, wakati makanisa na asasi za kiraia duniani zilipokuwa zikidai nchi maskini zisamehewe.

Tanzania iliingizwa katika mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa Aprili 2000, na ikatimiza masharti Novemba 2001, ikapata nafuu ya malipo ya dola bilioni 3 kwa miaka kadhaa. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na kuanzia Januari 2002 madarasa yakafurika. Baada ya mkutano wa mataifa tajiri huko Gleneagles mwaka 2005, IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilifuta sehemu kubwa ya madeni yaliyosalia katika mwaka 2006.

Ile akaunti ya malimbikizo ya waagizaji haikuwa imefungwa. Madai ya zamani yalikaa ndani yake kwa miaka 20, mengi bila mwenyewe kufuatilia, na katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa nyaraka ambazo ukaguzi ulizikuta na kasoro kubwa. Kashfa ya EPA, kama ilivyoitwa kwa kifupisho cha Kiingereza cha jina la akaunti hiyo, ilitokea mwaka uleule ambao nchi ilikuwa ikisherehekea kufutiwa madeni. Iliwafundisha wananchi kwamba deni lisilo na hesabu iliyo wazi ni mali kwa mwenye kuzijua nyaraka zake.

Mikopo ya leo ni ya aina nyingine. TAZARA ilijengwa kwa mkopo usio na riba. Kwa reli ya kisasa, mwaka 2020 serikali ilichukua mkopo wa dola bilioni 1.46 uliopangwa na benki ya Standard Chartered, kwa masharti ya kibiashara. Kukopa kwa ajili ya reli au umeme si kosa, na uchumi wa sasa unauza dhahabu na kupokea watalii kwa kiwango ambacho wa mwaka 1977 usingeweza kufikiria. Hata hivyo, bei ya dhahabu inaweza kupanda na kushuka kama ya kahawa, na wakopeshaji huwa wakarimu zaidi inapokuwa juu. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, takwimu ya ukubwa wa deni ndiyo hutangulia magazetini. Anayetaka kujua hali halisi afungue kurasa za ndani, atazame malipo ya madeni ya nje kwa mwaka unaokuja, ayaweke kando ya mapato ya mauzo ya nje, kisha aulize kila mradi mkubwa utaanza lini kuongeza mapato hayo. Takwimu hizo za 1977 zilikuwapo pia, na ambao wangeziweka pamoja walikuwa wameshughulishwa na bei ya kahawa.